Daktari wa Meno Anajibu: Ya fedha, nyeupe au ya kioo?

Safari hii nimeziweka kando barua za harufu ya kinywa na za meno ya bandia. Zinazohusu kuziba meno zimerundikana, na karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba maswali ya wengine wengi, kwa hiyo aliyeandika akaona barua yake haipo aanzie hapo.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 26. Nimeambiwa nina meno mawili yaliyotoboka: moja la mbele juu, ubavuni, pale linapogusana na mwenzake, na jingine ni gego la chini, la nyuma kabisa. Daktari aliniuliza, "Unataka ya fedha au nyeupe?" Nikanyamaza, maana tofauti siijui. Akaniambia nikafikirie kisha nirudi. Rafiki yangu mmoja anasema nyeupe ni urembo tu, haidumu. Mwingine anasema ya fedha imepitwa na wakati. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waache wote wawili. Wanabishania dawa ya kuzibia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tundu lenyewe likoje. Una matundu mawili, basi jiandae kupata majibu mawili.

La mbele halina mjadala: nyeupe. Hiyo tunayoiita nyeupe ni kompositi, yaani utomvu wa plastiki uliochanganywa na chembe laini sana za kioo, na huja katika rangi kadhaa ili daktari achague inayofanana na jino lako. Jino la mbele halisagi chakula, linaonekana vizuri, na kulikausha ni kazi ndogo. Tuliache.

Gego ndilo lenye maneno. Ili uelewe kwa nini, lazima nikueleze nyeupe inavyoshika. Daktari akishaondoa sehemu iliyooza, hupaka tindikali ya jeli kwenye jino kwa sekunde chache, kisha huiosha. Jino hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hapo hupakwa gundi inayoingia ndani ya vitundu hivyo na kung'ang'ania. Mbinu hii ya tindikali tunaidai kwa Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani aliyeitangaza mwaka 1955, na bila yeye meno mengi meupe unayoyaona leo yangekuwa na doa la kijivu. Baada ya gundi, kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja unene wa milimita 2 hivi, na kila tabaka humulikwa kwa taa ya buluu mpaka ligande.

Sasa fikiria mate yanapita hapo katikati, baada ya tindikali na kabla gundi haijashika. Ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja maji. Siku hiyo hutaona kitu. Utaondoka na jino zuri kabisa. Mambo hujitokeza baadaye: ufa mwembamba pembeni mwa kijazo, bakteria wanajipenyeza, na jino linaoza upya chini ya kitu ambacho kwa juu kinaonekana kizima.

Ndiyo maana siwezi kusema rafiki yako wa kwanza anabwabwaja tu. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha aina hizi mbili kwenye magego ya kudumu, yalikuta nyeupe zikishindwa karibu mara mbili ya za fedha, na sababu kubwa ilikuwa kuoza upya. Majaribio makuu yaliyotegemewa yalifanywa kwa watoto, na mdomo wa mtoto kuukausha ni mtihani. Kwa hiyo mimi siyasomi matokeo hayo kama hukumu dhidi ya nyeupe. Nayasoma kama hukumu dhidi ya mate.

Na gego la chini la nyuma kabisa, mwanangu, ni miongoni mwa meno magumu zaidi kuyakausha. Ulimi uko upande huu, shavu upande ule, na mirija mikuu ya tezi za chini ya taya humwaga mate chini ya ulimi.

Ile ya fedha, amalgamu, ina tabia nyingine. Ni unga wa fedha, bati na shaba unaochanganywa na zebaki, na zebaki ndiyo karibu nusu ya uzito wote. Husindiliwa tunduni ikiwa bado laini, kisha hugumu. Unyevu kidogo haiuogopi sana, na ikishakaa vizuri huweza kutafunia miaka mingi. Ila haigandi kwenye jino. Inakaa kwa kubanwa tu, kwa hiyo daktari hulazimika kulichonga tundu liwe pana chini kuliko mdomoni mwa tundu lenyewe, na katika kuchonga huko hukata sehemu ya jino isiyo na kosa lolote. Kwangu mimi hicho ndicho kinachoniudhi kwenye amalgamu, si rangi yake. Jino lililokatwa halioti tena.

Mimi naamua hivi. Tundu likiwa dogo au la wastani, kuta za jino zikiwa zimesimama, na nikiweza kulivisha jino kile kitambaa chembamba cha mpira kinachozuia mate, naweka nyeupe hata kama ni gego la mwisho. Tundu likiwa kubwa, limeshuka ubavuni mpaka chini ya ufizi, na damu inachungulia kila nikigusa, nyeupe naiogopa. Hapo amalgamu ina haki yake, pale inaporuhusiwa. Au huanza na saruji ya kioo chini, nitakayoieleza kwenye barua inayofuata, kisha nyeupe juu. Na kuta zikiwa zimebaki nyembamba kiasi cha kutikisika, swali la fedha au nyeupe limekwisha kufa lenyewe: jino linahitaji kuvikwa kofia inayolifunika lote, au kijazo kinachotengenezwa maabara kwa dhahabu au kauri na kugandishwa ziara ya pili. Dhahabu huweza kuvuka miaka 20. Mfuko nao lazima uvuke.

Nimesema "pale inaporuhusiwa" kwa makusudi. Sweden na Norway ziliacha amalgamu zamani, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake ya kawaida tangu Januari 1, 2025. Kwa hiyo kuna wasomaji wangu ambao hawataulizwa kabisa swali ulilouulizwa wewe.

Ukirudi, usiseme "nataka nyeupe" wala "nataka fedha". Muulize daktari: tundu limeshuka mpaka wapi, na utalikaushaje jino wakati wa kazi? Akikuonyesha kitambaa cha mpira, au akakueleza kwa utulivu atakavyopanga pamba na mrija wa kunyonya mate na nani atamsaidia kuushika, kaa kitini. Akikujibu kwamba yote ni sawa tu, chagua rangi unayoipenda, mimi ningetafuta maoni ya pili.

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 6 na gego lake la utotoni limetoboka. Daktari anataka kuliziba kwa kitu alichokiita saruji ya kioo, tena bila kutumia mashine. Baba yake anasema ni kupoteza hela, kwani jino hilo si litang'oka lenyewe? Nami nina wasiwasi kwamba kuziba bila mashine ni kulipua kazi.

JIBU: Dada yangu, mwambie baba mtoto kwamba litang'oka, lakini si leo wala mwakani. Magego ya utotoni hung'oka mtoto akiwa na miaka kati ya 9 na 12 hivi. Mpaka hapo ni miaka kadhaa ya kutafunia, na ya kuishikia nafasi meno yanayokuja chini yake. Likiachwa, usaha hautasubiri.

Saruji ya kioo hutokana na unga wa kioo maalumu unaochanganywa na tindikali laini. Ilielezwa na watafiti Wilson na Kent huko Uingereza mapema katika miaka ya 1970. Uzuri wake ni kwamba hushikana na jino yenyewe kikemikali, bila zile hatua za jeli na gundi, hustahimili unyevu kuliko nyeupe, na hutoa floridi kidogo kidogo. Ubaya wake ni udhaifu: inalika, inamomonyoka, na ukiiweka kwenye gego la mtu mzima peke yake ibebe tundu kubwa, itakuaibisha. Kwa jino la miaka minne au mitano iliyobaki, linganisha mwenyewe.

Hilo la kufanya kazi bila mashine si kulipua. Ni mbinu inayojulikana duniani kote, na ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980: daktari hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha hujaza tundu kwa saruji. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba, halafu ikagundulika kwamba hata kwenye kliniki zilizojaa mitambo inafaa sana kwa watoto, kwa sababu haina kelele na mara nyingi haina sindano. Mtoto asiyepiga mayowe hutoa mate kidogo, na hapo tumerudi kwenye ugomvi wangu wa siku zote.

Lakini muulize daktari tundu liko upande mmoja tu wa jino, au limekula juu na ubavu pia. Likiwa la upande mmoja, saruji hufanya vizuri. Likiwa limekula pande mbili, huvunjika mara nyingi, na mimi hupendelea kulivisha jino lote kofia ya chuma iliyokwisha kutengenezwa. Inaonekana kama jino la roboti, ndiyo, na watoto wengi huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi inayopakwa kusimamisha kuoza bila kujaza chochote. Inasaidia sana kwa mtoto asiyekubali kufungua mdomo, ila sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi na haitakati, kwa hiyo ukubaliane na mumeo kabla, si baada.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mstaafu, miaka 67. Nina meno kadhaa yaliyozibwa kwa fedha tangu ujana wangu na hayajanisumbua. Sasa kuna mtu kanieleza kwamba zebaki inanila ubongo, na kweli siku hizi nasahau sahau. Yuko tayari kuyatoa yote na kuweka nyeupe. Nifanye haraka?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Usifanye haraka, na kwa maelezo uliyonipa, usifanye kabisa.

Ugomvi wa zebaki mdomoni ni mkongwe kuliko mimi na wewe. Huko Marekani katika miaka ya 1840 chama cha madaktari wa meno kiliwataka wanachama wake waape kutotumia amalgamu, na chenyewe kikasambaratika kabla ya ugomvi kwisha. Ukweli ni kwamba amalgamu hutoa mvuke kidogo wa zebaki, hasa wakati wa kutafuna. Lakini wakati inapotoa mvuke zaidi ni inapowekwa na inapochimbwa. Yaani huyo anayetaka kukuokoa na zebaki anataka kukuvutisha kwa mkupuo kile ambacho kimetulia mdomoni mwako miaka yote hii, na juu yake akukate sehemu ya jino isiyo na kosa pembeni mwa kila kijazo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa ushauri Septemba 2020: amalgamu mpya iepukwe, inapowezekana, kwa wajawazito na wanaopanga kubeba mimba, wanaonyonyesha, watoto, hasa walio chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki. Ushauri huo huo ulisema kwamba ambaye tayari anayo na haijaharibika asiitoe, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu.

Utasikia pia likitajwa jina la Minamata. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, kweli unazitaka nchi zipunguze amalgamu, na msukumo wake mkubwa ni mazingira: zebaki inayotoka kliniki, viwandani na migodini inaishia majini. Msiba wa mji wenyewe wa Minamata, Japani, uliletwa na zebaki ya aina nyingine, iliyomwagwa na kiwanda baharini, ikaingia kwenye samaki na watu wakala. Si ile iliyogandamana na fedha kwenye gego lako.

Kijazo cha zamani kinabadilishwa kikiwa na sababu yake: kimevunjika, kimeacha mwanya, jino limeoza pembeni, au ukiuma kitu na kuachia unasikia mchomo mkali, ambao huashiria ufa. Omba daktari asiyekuuzia chochote ayakague na kuyapiga picha. Na huko kusahau, mzee wangu, kapeleke kwa daktari wa mwili. Shinikizo la damu, sukari, upungufu wa vitamini, usingizi mbovu, hata dawa unazotumia, vyote vinaweza kuhusika, na vingine vinatibika. Itakuwa hasara kubwa ukipoteza miezi ukihangaika na meno wakati chanzo kiko kwingine.

SWALI: Jino lilikuwa linaniuma, daktari akaliweka dawa yenye harufu ya karafuu, akasema nirudi. Maumivu yaliisha siku ile ile. Ni miezi sasa. Kwa nini nirudi kama limepona?

JIBU: Halijapona, ndugu yangu, limetulizwa. Hiyo ni oksidi ya zinki iliyochanganywa na mafuta ya karafuu, dawa nzuri ya kutuliza jino lakini ni ya muda. Inalika na kuyeyuka taratibu, na kuta za jino zinabaki bila msaada. Ukirudi, mtaje daktari hiyo harufu kama si yule yule aliyekuhudumia, kwa sababu mafuta ya karafuu huizuia kompositi isigande sawasawa, na lazima mabaki yake yasafishwe kabisa kabla ya kuweka nyeupe. Na ikiwa kabla ya dawa jino lilikuwa linakuamsha usiku, huenda kiini, ile sehemu laini yenye mishipa ndani ya jino, kimekwisha kufa, ndiyo maana kimya. Omba picha.

SWALI: Nimezibwa jino kwa nyeupe wiki iliyopita. Nikinywa maji baridi linashtuka kidogo, hilo navumilia. Lakini nikiuma upande ule nasikia kama limezidi kimo, na sasa linauma kila mlo. Nisubiri lizoee?

JIBU: Baridi isubiri, kimo usikisubiri. Mshtuko wa sekunde chache kwa baridi ni kawaida kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi kidogo tundu likiwa lilikuwa refu, mradi unapungua. Kuzidi kimo hakuzoeleki: jino linapigwa peke yake kila unapofunga mdomo, na mwisho kano zake zinavimba. Rudi kesho. Atakupa karatasi ya rangi uing'ate, ataona doa lilipo, atalisugua kidogo. Ni kazi ya dakika chache, bila sindano. Ganzi ndiyo iliyosababisha: mtu mwenye mdomo uliokufa ganzi hawezi kujua anaumaje, na akiulizwa "iko sawa?" hujibu "ndiyo" ili ashuke kitini.

Badilisha haraka mpango huo ukiona mambo haya: baridi inaacha maumivu ya dakika nyingi, la moto linaanza kuuma, au jino linauma lenyewe ukiwa umelala. Hapo tatizo limefika kwenye kiini, na aina yoyote ya kijazo haitakusaidia mpaka mzizi utibiwe.

SWALI: Nataka kung'arisha meno na pia nina tundu la mbele la kuziba. Nianze na lipi?

JIBU: Ng'arisha kwanza. Dawa ya kung'arisha hubadilisha rangi ya jino, haibadilishi rangi ya kompositi. Ukiziba kwanza, utabaki na kiraka cha rangi ya zamani katikati ya meno mapya. Ukimaliza kung'arisha, subiri wiki mbili hivi kabla ya kuziba, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo hudhoofisha gundi na rangi nayo inahitaji muda wa kutulia. Daktari akiona tundu ni refu na haliwezi kusubiri, ataliziba kwa muda kwa saruji ya kioo ili dawa isipenye kwenye kiini. Mwambie mapema mipango yako yote miwili, siku ile ile ya kwanza.